Nani aliita nani? Historia fupi ya murundiko wa miito

Siku tatu mbele ya kutetea TFC yangu, programu ilianguka. Nilikuwa nimeiandika mu Python, kwa kufuata stoki ya duka moja la dawa. Fonksio mbili zilikuwa zinaitana: ya kwanza inaita ya pili, ya pili inarudilia ya kwanza, mpaka Python ikafika ku kikomo chake cha miito 1000 na kukataa. Python ya leo inajua kukunja mistari yenye kurudilia, lakini paka kama ni mustari ule ule moja. Zangu zilikuwa zinapokezana, basi hakuna kilichokunjwa: mistari karibu 2000 ku ekra. Na Python inaandika mwito wa zamani juu, wa mwisho chini. Ule niliotafuta, wa kwanza kabisa, ulikuwa umekwisha kupanda na kupotea.

Njo nikaanza kujiuliza hii orodha inatoka wapi.

Zamani hakukuwa hata kitu cha kuonyesha. Kule Cambridge, Uingereza, mashini EDSAC ilianza kazi mu 1949. David Wheeler alitafuta namna programu ndogo itaitwa kutoka fasi mbalimbali na bado ijue fasi ya kurudia. Jibu lake: programu ndogo, ikianza tu, inajiandikia yenyewe, ku mwisho wake, amri ya kurudi. Ni akili kubwa. Lakini fasi ya kuandikia ni moja tu. Ikijiita yenyewe, anwani ya pili inafuta ya kwanza, na njia ya kurudi nyumbani imekufa. Mwenzake Stanley Gill aliandika mu 1951 juu ya kutafuta makosa ku EDSAC: programu ingine inafuata ile yenye makosa hatua kwa hatua na kuchapa ile inafanya. Kuchapa ku karatasi, herufi chache kwa sekunde! Tangu siku zile, kuchagua cha kuonyesha na cha kuacha ilikuwa ni kazi yenyewe.

Dawa ilikuwa imekwisha kuwaziwa. Alan Turing, mu ripoti yake ya mashini ACE, alisema juu ya kuzika anwani ya kurudia na kuifukua kiisha. Mu 1957 Friedrich Bauer na Klaus Samelson, Ujerumani, waliomba haki ya uvumbuzi kwa wazo la jamaa moja na hilo. Waliliita Keller, chumba cha chini ya nyumba (Turing anazika, hawa wanashusha chini, kila mutu na picha yake). Halafu Algol 60 ikaruhusu fonksio kujiita, na murundiko ukakuwa lazima: kila mwito juu ya mwingine sawa sahani, wa mwisho kuwekwa njo wa kwanza kutoka.

Richard Stallman alianza GDB mu 1986. Ukiandika bt, unapata murundiko wote, mwito wa karibuni juu, na namba 0. Lakini kile kinanipendeza ni hiki: bt 10 inaonyesha miito kumi ya karibuni, bt -10 inaonyesha kumi ya zamani. Alama moja ya kutoa! Kumbe mutu mwingine aliteseka sawa mimi.

Siku hizi editeri nyingi haziombi tena murundiko muzima. Zinaomba kipande: anzia namba fulani, nipe kiasi fulani. Ukiteremuka, zinaomba kingine. Juu kila mwito una bei: kutafuta jina la fonksio, faili, mustari. Mara elfu moja, unangojea.

Usiku ule mimi sikukuwa na hayo yote. Nilielekeza makosa mu faili moja, nikasoma mistari kumi ya juu. Mwito wa kwanza ulitoka ku ripoti ya mwisho wa mwezi, ile niliyoongeza juma lile lile na ambayo sikuishuku hata kidogo: mu data yake, aina moja ya dawa ilikuwa imeandikwa kama muzazi wa muzazi wake. Nilirekebisha mustari moja, nikalala majogoo yakianza kulia.