Useremala wa Bunia: ufundi uliopita mikono mingi

Malori ya mbao yanayotoka Mambasa kupitia Komanda huingia Bunia yakiwa yamejaa libuyu, mvule na mahogani, miti iliyopasuliwa porini kwa msumeno wa injini. Sehemu ya mzigo huendelea hadi Mahagi au Aru, huvuka mpaka na kuuzwa Kampala, Nairobi au Juba. Sehemu nyingine hushushwa hapa hapa mjini, na katika karakana za kando ya barabara hugeuka vitanda, makabati, milango na madawati. Mpita njia huona biashara tu. Lakini karakana hizo zimebeba historia ya zaidi ya karne moja, na yeyote anayeshika randa leo, hata mwalimu au muuguzi anayejifunza jioni kwa kupenda tu, anaingia katika historia hiyo.

Ufundi wa kwanza wa Ituri ulikuwa wa kuchonga. Fundi alianza na gogo zima, akaondoa kwa shoka na tezo kila kisichohitajika mpaka kikabaki kinu, ngoma, kiti kifupi au mtumbwi wa Ziwa Albert. Hakuna kiungo, hakuna msumari, hakuna gundi. Ndani ya msitu, Wambuti walitwanga magome ya miti kwa nyundo hadi yakalainika kuwa nguo. Kaskazini, katika Uele, Wamangbetu walikuwa wamefika mbali zaidi. Mwaka 1870 msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alipokelewa na mfalme Mbunza katika ukumbi wa miti na majani ambao yeye mwenyewe aliukadiria kuwa na urefu wa mita 45 hivi. Baadaye, kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walizunguka eneo hilo kwa niaba ya jumba la makumbusho la historia ya asili la New York, wakakusanya maelfu ya vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, vikiwemo viti na masanduku ya magome yenye vifuniko vya mti wa kuchongwa. Anayedhani kwamba ufundi wa mbao uliletwa huku na wageni akumbuke vitu hivyo.

Kilichoingia na karne ya ishirini ni kuunga: kuchukua vipande vingi vya mbao na kuvifanya kitu kimoja. Njia kuu ya ufundi huo ilikuwa misheni. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo ilitia sahihi mkataba na Vatikani. Misheni zilipewa ardhi, na kwa upande wao zikaahidi kufungua shule ambazo, pamoja na masomo ya kawaida, zingefundisha kilimo na kazi za mikono. Waanglikana walikuwa wamekwisha kutangulia Boga, alikofika Apolo Kivebulaya kutoka Uganda mwaka 1896. Wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia upande wa Mahagi mwaka 1912. Mapadri Weupe nao walijenga kazi kubwa iliyopewa hadhi ya prefektura ya kitume ya Ziwa Albert mwaka 1922, vikariati mwaka 1933, na hatimaye jimbo la Bunia mwaka 1959.

Kila kituo kilihitaji kenchi za paa, milango, madirisha, mabenchi ya kanisani, makabati ya sakristia na madawati ya shule. Vitu hivyo vilipaswa kutengenezwa papo hapo, na vijana wa papo hapo ndio waliofundishwa. Mafunzo yenyewe yalifuata utaratibu ambao karakana nyingi zinaufuata hadi leo. Kijana huanza kwa kufagia maranda na kupanga mbao. Kisha hufundishwa kunoa. Baada ya kunoa vizuri ndipo hupewa randa, na baada ya kupata ubao ulionyooka pande zote ndipo huruhusiwa kukata kiungo. Humwita fundi wake papa, kwa sababu anamlea kama mwana.

Baada ya misheni, mkono wa pili ulikuwa wa dhahabu. Dhahabu ilipatikana Kilo mwaka 1903, na machimbo ya Kilo-Moto yakageuza uso wa Ituri. Migodi, ofisi, maghala, hospitali na nyumba za wafanyakazi vyote vilidai mbao na watu wa kuzifanyia kazi. Vifaa vingi vilifika kwa njia ya Mombasa, reli ya Uganda na meli za Ziwa Albert, kutoka Butiaba hadi Kasenyi, kisha vikapanda mlima kuelekea Bunia. Mji uliokuwa kituo cha utawala ukawa pia mji wa mafundi.

Tukitazame kwa karibu kiungo ambacho mafundi hao walikiheshimu kuliko vyote, kile cha tundu na ulimi. Ubao mmoja hutobolewa tundu la pembe nne kwa patasi. Mwingine huchongwa ncha yake iwe ulimi wa kuingia humo. Kanuni ya wazee ni theluthi: ubao ukiwa na unene wa sentimita 3, ulimi uwe na sentimita 1, ili pande zote mbili za tundu zibaki na nguvu. Alama huwekwa kwa ncha ya kisu, kwa kuwa mstari wa kalamu ni mnene na huficha makosa. Msumeno hupita upande wa taka wa mstari, haupiti juu yake. Ulimi uliokatwa sawasawa huingia kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo kwa nyundo ya mti. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu, utapasua tundu. Ukiingia bila kuzuiwa, gundi peke yake haitaushika.

Sababu ya taabu yote hiyo iko ndani ya mti wenyewe. Mbao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, na mabadiliko hayo hutokea zaidi katika upana wake kuliko katika urefu. Msumari haufuati mwendo huo. Hulegea, hushika kutu, na mwishowe hupasua ubao. Ndiyo maana mlango mzuri wa zamani una fremu iliyoungwa kwa ndimi, na ubao wa katikati umekaa ndani ya mfereji bila gundi, uweze kupumua.

Mazoea hayo yalianza kuyumba miaka ya sabini. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwa biashara za wageni zingepitishwa mikononi mwa Wazaire. Maduka mengi yalidhoofika nchini kote, na bidhaa za kutoka nje zikawa adimu. Mafundi waligeukia wahunzi. Kipande cha springi ya gari kilifuliwa kikawa patasi au kisu cha randa: chuma huchomwa hadi kiwe chekundu, huzamishwa ndani ya mafuta kiwe kigumu, kisha hupashwa moto tena taratibu mpaka kionyeshe rangi ya nyasi kavu, kisiwe chepesi kuvunjika. Mwili wa randa walijichongea wenyewe kwa mti mgumu. Ni ujuzi wa kujivunia, uliozaliwa na dhiki.

Kisha vita. Kuanzia 1999 Ituri iliwaka moto, na Mei 2003 Bunia yenyewe ikawa uwanja wa mapigano, hata Umoja wa Ulaya ukatuma kikosi cha Artemis mwezi uliofuata. Watu walikimbia, na nyumba zikang'olewa milango na mabati. Useremala pia ulitumika kuponya: mpango wa kupokonya silaha ulioanza Septemba 2004 uliwapa wapiganaji wa zamani nafasi ya kujifunza kazi, na useremala ulikuwa mojawapo. Lakini mafunzo ya miezi michache hayatoshi kumfikisha mtu kwenye ulimi na tundu. Na mteja aliyepoteza kila kitu anataka kitanda leo, kwa bei ndogo. Basi msumari ukatawala. Simlaumu fundi wa barabarani: analisha watoto, na kitanda chake kinalaza watu.

Hapo ndipo naona kazi ya mtu anayejifunza kwa kupenda. Yeye hasukumwi na mteja. Anaweza kutumia wiki nzima kwa kiungo kimoja, na ujuzi ambao soko haliwezi kuulipia ukabaki hai mikononi mwake.

Kuanza hakuhitaji mali nyingi. Msumeno wa mkono, randa moja, patasi mbili, nyundo ya mti, pembe mraba na jiwe la kunolea vinatosha. Mbao za kujifunzia zipo: vipande vinavyobaki karakanani huuzwa kwa bei ya kuni. Chagua vilivyokauka, maana ubao mbichi utakupinda mikononi. Kwa kukaushwa na upepo, hesabu ya kawaida ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Mvule ni mzuri lakini una mambo yake. Vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo funika uso, na ndani yake huwa na vijiwe vya chokaa vinavyoua makali ya msumeno.

Shule iliyo bora kuliko zote ni kukarabati. Chukua kiti cha zamani kinachoyumba. Usikimbilie nyundo. Kifungue kwanza. Vitu vingi vya kale viligundishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevu, hivyo kitambaa cha maji ya moto hufungua kiungo bila kukivunja. Gundi nyeupe ya siku hizi haina huruma hiyo. Kwangua gundi kuukuu, ongeza utepe mwembamba wa mbao pale ulimi ulipochakaa, gundisha, kaza kwa kamba iliyosokotwa na kijiti, uache usiku kucha. Kwa rangi ya juu, jaribu tone la spiriti mahali palipofichika: ikilainika na kunata, huenda ni laki ya zamani, na inaweza kupakwa upya bila kukwanguliwa yote. Katika kukifungua kiti hicho utaona alama za kisu za fundi wa kwanza, utajua alipima wapi na kwa nini. Hakuna mwalimu anayefundisha wazi zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kukarabati, nayo ni msitu. Sheria ya misitu ya Kongo ya Agosti 2002 inadai kibali hata kwa mkataji mdogo, na mwaka 2022 mahogani za Afrika ziliwekwa katika orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara yake lazima isimamiwe. Kabati lililofufuliwa ni mti ambao haukuangushwa Mambasa.

Majumbani, shuleni na parokiani bado zimo samani za enzi za misheni na migodi, nyingine zikisubiri kuwa kuni. Wapo pia wazee waliofundishwa na wanafunzi wa misheni, ambao mikono yao inakumbuka bila kuandika. Mwenye kabati alipeleke kwa mzee wa namna hiyo, na mwenye hamu ya kujifunza akae naye wakati analifungua, achore kila kiungo na kuandika kila kipimo. Kazi hiyo yafaa ianze sasa, wakati wazee hao bado wana nguvu za kushika patasi.