Chanzo cha Vita vya Cochise na Jeshi la Marekani

Watu wengi husema kwamba Waapache wa Arizona walipigana na Wamarekani kwa sababu walipenda vita tu. Sisi tufundishao historia twapaswa kuuliza kwanza: jambo lilianzaje?

Zamani nchi yao ilihesabiwa kuwa ya Mexico. Tangu mwaka 1835 jimbo la Sonora lilitoa fedha kwa kila aletaye ngozi ya kichwa cha Mwapache, nao Waapache waliteka mifugo na watu. Mwaka 1848 Marekani ilitwaa sehemu kubwa ya nchi hiyo kwa vita, kisha ikanunua sehemu nyingine kwa mapatano ya mwaka 1853. Wenyeji hawakuulizwa. Hata hivyo Cochise, mkubwa wa Wachiricahua, aliyaacha magari ya posta yapite katika njia ya milimani iitwayo Apache Pass.

Januari 1861 Waapache wa kundi jingine walimteka Felix, mtoto wa miaka kama 12, pamoja na ng'ombe wa John Ward, babaye wa kambo. Luteni George Bascom akatumwa na askari 54 kumtafuta, naye akadhani ni kazi ya Cochise. Mwanzoni mwa Februari akamwita hemani. Cochise akaja na mkewe, nduguye na watoto. Na mtu atakaye vita haji na watoto. Aliposhtakiwa akakana, akaahidi kusaidia kumtafuta Felix. Bascom akamwambia kwamba yeye na jamaa zake watashikwa hata mtoto arudishwe. Papo hapo Cochise akachomoa kisu, akapasua hema, akakimbia huku akipigwa risasi. Jamaa zake wakabaki.

Cochise naye akakamata Wamarekani wanne, akataka wabadilishane mateka. Bascom akakataa, ila aletwe Felix. Na Cochise hakuwa naye. Basi akawaua watu wale, nasi hatumfichii kosa hilo, kwani hawakuwa na hatia. Askari nao wakawanyonga Waapache sita, mmoja wao Coyuntura, nduguye Cochise. Mkewe na watoto wakaachiliwa, lakini damu ilikwisha kumwagika.

Vita ikadumu zaidi ya miaka kumi. Oktoba 1872 Jenerali Oliver Howard alikwenda mwenyewe milimani na watu wachache, bila jeshi, akaketi na Cochise, wakapatana.

Na Felix je? Alikuwa hai. Alilelewa na Waapache wa magharibi, na alipokuwa mtu mzima akaajiriwa na jeshi lile lile kuwa mpelelezi na mkalimani, akijulikana kwa jina la Mickey Free.

Hatusemi kwamba hema lile pekee lilileta vita. Ugomvi wa ardhi ulikuwapo tangu hapo. Lakini wahenga walinena, "Mdhaniwa ndiye, kumbe siye." Bascom alipewa nafasi ya kuchunguza neno hili, akachagua kumshika aliyekuja kwa amani. Wengi waliokufa baadaye hawakumjua Bascom wala Felix.