Tangu Chupa ya Mkojo Hata Kihisio cha Mkononi: Tarikhi ya Kipimo cha Sukari ya Mtoto

Mvua kubwa inyeshapo juu ya milima ya Umatengo, mtu aliyesimama ufukoni mwa ziwa, hapa kwetu Lipingo, haoni saa ile ile vijito vikiinuka, kwani maji hayana budi kusafiri kwanza, naye atazamaye kijito husoma habari za mvua iliyokwisha kunyesha. Kipimo cha sukari katika mwili wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza kina tabia hiyo hiyo, na tarikhi yake yote ni tarikhi ya wanadamu waliojitahidi kuisogelea mvua yenyewe.

Mwaka 1908 Stanley Benedict, mwanakemia wa Marekani, alitengeneza maji ya buluu yenye shaba ndani yake, ambayo yakichemshwa pamoja na mkojo hugeuka kijani, manjano au rangi ya tofali kwa kadiri ya sukari iliyomo. Na tarehe 11 Januari 1922, huko Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipochomwa sindano ya kwanza ya insulini, kipimo kikawa jambo la uhai na mauti; maana dawa ile ile iokoayo, ikizidi, huishusha sukari hata mtoto akapoteza fahamu. Mkojo ulikuwa shahidi dhaifu wa hatari hiyo: sukari haiingii humo mpaka damu ipite takriban milimoli 10 kwa lita, na ikishuka mno mkojo hausemi neno.

Ndipo katikati ya miaka ya 1960 vikatokea vipande vya kupimia tone la damu, na mwaka 1970 mashine ya kwanza ya kuvisoma. Nchini kwetu, ambako Profesa Donald McLarty na wenzake wa Hospitali ya Muhimbili walifuatilia hali za wagonjwa kwa miaka mingi, Chama cha Kisukari Tanzania kiliasisiwa mwaka 1985; na tangu mwaka 2009 umekuwapo mpango wa kimataifa wa kuwapatia watoto insulini na vipimo, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zake.

Baada ya tone la damu kikaja kihisio, yaani chombo kidogo kivaliwacho mwilini kuipima sukari mfululizo; lakini asili yake ni ya zamani kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1962 Leland Clark alieleza jinsi kimeng'enya kiwezavyo kuunganishwa na waya wa umeme kikaitambua sukari, na juu ya msingi huo vimejengwa vihisio vilivyofuata. Cha kwanza kuidhinishwa Marekani kilitoka mwaka 1999, na mwaka 2001 ikaja saa ya mkononi iliyovuta maji kupitia ngozi. Saa hiyo ilipojaribiwa kwa watoto 200, haikuboresha hali yao, na wengi waliiacha kwa sababu ya ngozi kuwasha na kengele kulia ovyo. Katika uchunguzi mwingine wa watoto 91, kihisio kile cha kwanza na saa hiyo vyote viwili vilikosea zaidi pale sukari iliposhuka, yaani pale pale palipohitajiwa ukweli.

Vya leo ni bora sana, wala si haki kuvidharau. Lakini kihisio hakimo ndani ya damu. Kimo katika maji yaliyo kati ya chembe za mwili, ambayo hupata habari dakika kadhaa baada ya damu. Watoto 89 wa Uingereza, wenye umri wa miaka 4 hata 17, walipovaa kihisio cha siku 14 kilichoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, tofauti ya wastani kati yake na tone la damu ilikuwa asilimia 13.9. Sukari ikiwa milimoli 12, tofauti hiyo haigeuzi hukumu. Lakini kihisio kisemapo 4.3 ilhali damu ni 3.8, mzazi hutulia na mtoto amekwisha ingia hatarini. Kadhalika mtoto akiulalia mkono wenye kihisio, huweza kutangazwa upungufu usiokuwapo. Na baadhi ya vihisio vya zamani vilipandisha hesabu kwa uongo mtoto anywapo parasetamoli, dawa ambayo hapa ziwani, penye malaria, ni nani hajampa mwanawe mwenye homa?

Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya watoto na vijana wa Kenya na Uganda waliovishwa vihisio, ikadhihirika kuwa kwa saa nyingi za mchana na usiku sukari yao ilikuwa nje ya kiwango, jambo ambalo matone machache ya damu yasingaliweza kulionyesha. Kwa hiyo natamani kwa moyo wote kihisio kifike Lipingo; ila kisifike peke yake. Kije na mashine ya tone la damu, na vipande vyake visivyoharibiwa na joto wala unyevu wa ziwa, na mganga wa kumwelekeza mama kwamba mtoto akitetemeka na kutoka jasho, ijapokuwa namba yasema salama, amchome kidole apime. Na kama hana cha kupimia, ampe sukari mara moja, kwa kuwa mwili wa mtoto ndio mvua, na namba ni kijito tu.