Sweta la Spoku

Vita vya 1914–1918 vimeandikwa. Waingereza walipoziba bahari, jeshi la Wajerumani lilibaki porini huku nguo zikiwaishia. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, anasimulia katika kitabu chake cha 1920 jinsi akina mama wa nchi hii walivyosokota pamba kwa mkono, na kitambaa kikatiwa rangi ya mzizi wa ndaa, hudhurungi ya manjano, kisionekane nyasini. Agosti 1916 jeshi hilo likauacha mji wa Iringa. Tunajua hata rangi ya sare zao!

Sasa niambie, msomaji: sweta la bibi yangu wa Makete (enzi hizo Mkoa wa Iringa) kaliandika nani?

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya Vita vya Kagera, maduka yalikuwa matupu. Julai kule umande huganda shambani. Bibi alichukua spoku mbili za baiskeli, akakata vichwa, akasugua ncha kwenye jiwe mpaka zisikwaruze. Uzi je? Alifumua sweta kuukuu lililotoboka viwiko, akaosha uzi, akaunganisha vipande, mafundo yote akayaficha upande wa ndani. Spoku ni nyembamba, hivyo vitanzi hubana. Kazi inakwenda taratibu kweli kweli, lakini upepo haupiti.

Shangazi yangu wa Uyole, Mbeya, naye alifuma hivyo hivyo. Nikamuuliza, spoku mlitoa wapi? Akacheka.

“Baiskeli ya babu yako ilikosa tairi tangu 1981. Ingekwenda wapi?”