Heshima kwa Waliouawa: Kutoka Songo Mnara hadi Songea

Kila aendaye Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani, hukuta kuta za misikiti na majumba ya mawe yaliyojengwa tangu karne ya 14. Waliojenga mji ule hawapo, na majina yao mengi yamepotea. Lakini kuta zao zashuhudia kwamba waliishi. Mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hivyo fahari ya pwani yetu inaheshimiwa na ulimwengu mzima. Swali tunalotaka kulijadili hapa ni hili: machungu ya pwani hiyo hiyo huheshimiwa kwa njia gani, na ni nani mwenye wajibu wa kuyatunza?

Machungu hayo ni ya zamani. Mwaka 1505 Wareno waliivamia Kilwa na kuipora. Karibu karne nne baadaye walikuja Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, wakaleta utawala ambao mwananchi hakuuchagua wala hakuwa na sauti ndani yake. Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza mapambano dhidi yao katika nchi ya Kilwa, alinyongwa Kilwa Kivinje mwezi wa Novemba 1895. Lakini kunyongwa kwake hakukuzima moto. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba kwa ujira mdogo mno, hata wengine wakakataa kuupokea. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, wananchi waling'oa miche ya pamba. Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wa makabila mengi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo. Lakini vita vilikwisha kushika njia, vikaenea Liwale, Lindi, Mahenge na Ungoni.

Yafaa wanafunzi waelewe jinsi watu walivyouawa katika vita hivyo, maana hapo ndipo ukubwa wa dhuluma unapoonekana. Waliokufa kwa risasi na kwa kitanzi hawakuwa wengi kama waliokufa kwa njaa. Kapteni Wangenheim wa jeshi la Wajerumani aliandika kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowatiisha wananchi kabisa. Basi vijiji vikachomwa, ghala zikatiwa moto, na mazao yakaharibiwa mashambani, na majeshi ya Wajerumani pamoja na askari Waafrika waliokuwa chini yao. Wakoloni wenyewe walikisia kwamba watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wa baadaye wamefikia hata 300,000. Wengi wao walikuwa kina mama, watoto na wazee ambao hawakushika mkuki, na makaburi yao hayajulikani.

Wahenga walisema: mtenda husahau, mtendewa hasahau. Lakini mtendewa naye hufa, na asipomwachia mwanawe kumbukumbu, dhuluma huzikwa pamoja naye. Katika jambo hili taifa letu lina la kujivunia. Wazee waliokuwa watoto wakati wa vita walihifadhi habari zake vifuani. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, walikwenda vijijini, wakaketi na wazee hao, wakayaandika maneno yao. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii ya kusini, alitoa tamthilia yake *Kinjeketile*, ambayo imesomwa na vijana wengi shuleni. Na huko Songea, ambako Wajerumani waliwanyonga wapiganaji zaidi ya sitini mwezi wa Februari 1906, na siku chache baadaye Nduna Songea Mbano mwenyewe, Makumbusho ya Maji Maji yalifunguliwa mwaka 1980. Kila Februari watu hukusanyika hapo kuwakumbuka mashujaa hao.

Ni mahali hapo, palipotunzwa na wenyeji, ndipo alipofika Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani tarehe 1 Novemba 2023. Alionana na wajukuu na vitukuu vya Songea Mbano, akaweka maua kaburini, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zao. Alisema pia kwamba fuvu la shujaa huyo, linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani, litatafutwa, ingawa hakuweza kuahidi kwamba litapatikana. Tendo hili lanatukumbusha Willy Brandt, kiongozi wa Ujerumani Magharibi, aliyepiga magoti mjini Warsaw mwezi wa Desemba 1970 mbele ya ukumbusho wa Wayahudi waliopigana na Wanazi. Tofauti ni kwamba Warsaw ilisubiri miaka 25 tangu vita kwisha. Songea ilisubiri zaidi ya miaka 115.

Je, msamaha huo watosha? Sisi hatudhani kwamba neno moja laweza kulipa ghala zilizochomwa, wala kwamba familia inaweza kutulia wakati mzee wao amezikwa bila kichwa. Lakini hatulidharau. Mtu akiinama mbele ya kaburi, amekiri kwamba aliyelala humo alikuwa mtu na alikuwa na haki. Na tusisahau kwamba mgeni yule aliweza kuinama kwa sababu wenyeji walikuwa wamelitunza kaburi. Kama Songea wangalisahau, angalikwenda wapi?

Hapa ndipo wajibu unapotuangukia sisi wa Kilwa na Lindi. Tumejifunza kuzikarabati kuta za Songo Mnara zisianguke; tujifunze pia kuyakarabati majina. Wale waliokufa kwa njaa Umatumbi na Liwale hawana kaburi la kuwekewa maua, wala hawatapata mgeni wa kuwainamia, isipokuwa habari zao ziwe zimeandikwa. Wanafunzi wa mwaka 1968 walitumia kalamu na subira. Walimu na wanafunzi wa leo wana vitu hivyo hivyo, na katika vijiji vyao wangaliko wajukuu waliosimuliwa habari hizo na babu zao. Wakawaulize kabla hawajaondoka.