Seva ya Nane

Tarehe 1 Agosti 2012, soko la hisa la New York lilifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Dakika 45 baadaye, kampuni ya Knight Capital ilikuwa imepoteza zaidi ya dola milioni 440.

Haukuwa wizi wala udukuzi. Siku chache kabla, Knight ilianza kuweka programu mpya ya kutuma oda za hisa kwenye seva zake nane. Fundi alizipakia saba. Ya nane haikupata. Humo ulibaki msimbo ulioachwa kutumika tangu 2003, na programu mpya ilitumia swichi ileile iliyokuwa ikiuwasha ule wa zamani. Oda za wateja zilipoingia, msimbo huo ukaamka, ukanunua na kuuza bila kujua pa kukoma. Katika taharuki, wahandisi wakaiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa salama. Humo nako msimbo wa zamani ukaamka, na balaa ya mashine moja ikawa ya zote nane.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba dawa ilikuwepo kwa karibu miaka 20. Mwaka 1993, Mark Burgess, mwanafizikia Mwingereza katika Chuo Kikuu cha Oslo, alichoshwa na kazi ya kutunza kompyuta za aina mbalimbali moja baada ya nyingine, akatunga zana iitwayo CFEngine. Humo mtu haandiki hatua za kufuata. Anaandika hali anayotaka mashine iwe nayo, kisha kila mashine inajikagua na kujirekebisha. Kwangu mimi, hilo ndilo wazo kubwa kuliko yote katika fani ya kutunza seva. Luke Kanies alijenga zana yake, Puppet, juu ya wazo hilo mwaka 2005.

Njia ya pili ilipitia SSH, itifaki ya kuingia kwa usalama kwenye kompyuta ya mbali, aliyoibuni Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995 baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake. Juu yake Jamis Buck alijenga zana ya Capistrano: amri moja inafika kwenye seva zote, na kila toleo linakaa katika folda yake, hivyo kurudi nyuma ni kuelekeza kiungo kwenye folda ya jana. Ansible ya Michael DeHaan, iliyotoka mwaka uleule wa maafa ya Knight, nayo ilitumia SSH bila kusakinisha programu-wakala yoyote kwenye seva.

Zana hizi husambaza hata kosa kwa kasi, ndiyo maana wahandisi makini huanza na seva chache. Lakini seva moja kurukwa kimyakimya si jambo ambalo zana iliyopewa orodha kamili huliacha lipite.

Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani ilipochunguza maafa ya Knight, ilikuta kampuni hiyo haikuwa na utaratibu wa maandishi unaomtaka fundi wa pili akague kazi ya mwenzake. Asubuhi ile, kabla ya soko kufunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zikitaja hitilafu, na hakuna aliyezifanyia kazi.