Mini iliyotamba Monte Carlo, ikakwama kwetu

Najua nimepotea siku kadhaa, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuongelee magari, hasa vile vigari vidogo ambavyo mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, yaani hachibaki, na huu ugonjwa wetu vijana wa mjini wa kuvishusha chini na kuvivalisha rimu kubwa.

Kilichonisukuma ni mkasa wa rafiki yangu mmoja mwenye Starlet. Alimpelekea fundi, springi zikakatwa mduara mmoja kila upande, rimu za inchi 13 zikatolewa na zikaingia za inchi 16 zenye matairi ya ubavu mwembamba. Mtaani gari lilipendeza, tena sana. Wiki ya tatu tukawa safarini kwenda Morogoro. Tumeshapita Chalinze, kwenye kona ya kawaida kabisa, tairi la mbele likaingia kwenye shimo dogo ambalo daladala bovu lingelipita bila abiria kuamka. Tukasikia paa! Usukani ukamponyoka, gari likahamia upande wa pili wa barabara. Lori lilikuwa limetupita sekunde chache kabla. Tulisimama kwenye majani, wazima, rimu imepasuka, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema neno.

Tangu siku ile nimekuwa najiuliza: hao waliovianzisha vigari vya mbio kule Ulaya, wao walifanyaje? Nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni historia tamu, na kipande chake kimoja kiliandikwa hapa hapa kwetu.

Tuanze na babu wa ukoo wenyewe. Mwaka 1956 mgogoro wa Mfereji wa Suez ulifanya petroli iwe adimu Uingereza. Kampuni ya British Motor Corporation ikamwagiza mhandisi Alec Issigonis atengeneze gari dogo lisilokunywa mafuta. Agosti 1959 Mini ikatoka, urefu wake mita tatu na kidogo tu. Issigonis aliilaza injini kwa ubavu, akaweka rimu za inchi 10 ili zisile nafasi ya abiria, na akazisukuma hadi kwenye pembe nne za gari. Kwa kweli Mini ile haikuwa hachibaki, ilikuwa na buti yake ndogo. Lakini hachibaki zote za mbio zilizofuata ni wajukuu zake.

Sasa tazama springi. Mini ya kwanza haikuwa na springi za chuma! Rafiki yake Issigonis, Alex Moulton, ambaye familia yake ilikuwa na biashara ya mpira, alibuni koni za mpira badala yake. Sababu ilikuwa ya akili sana. Gari jepesi likibeba dereva peke yake uzito wake ni mmoja, likibeba watu wanne na mizigo uzito unabadilika mno. Ukiweka springi laini litalala chini likijaa, ukiweka ngumu litaruka ruka likiwa tupu. Mpira kadiri unavyobanwa ndivyo unavyozidi kuwa mgumu, kwa hiyo unajirekebisha wenyewe. Issigonis na Moulton hawakuwa wanatafuta ushindi wa rali. Walikuwa wanatafuta njia ya kumbeba baba, mama na watoto wawili. Kukata kona kama mwendawazimu kulikuja kama nyongeza.

Aliyeiona nyongeza hiyo ni John Cooper, ambaye magari yake yalichukua ubingwa wa Formula One mwaka 1959 na 1960. Issigonis mwenyewe hakulipenda sana wazo la kufanya kigari chake cha familia kuwa cha mbio, lakini wakubwa wakakubali, na mwaka 1961 Mini Cooper ikatoka: injini ya sentimita za ujazo 997, nguvu za farasi 55, na breki za diski mbele. Farasi 55 tu, jamani! Mwaka 1964 Paddy Hopkirk akashinda Rali ya Monte Carlo kwa Mini Cooper S, akiyaacha nyuma hadi magari makubwa ya Kimarekani ya Ford Falcon yenye silinda nane. Mwaka 1965 akashinda Timo Mäkinen. Mwaka 1966 Mini zilimaliza nafasi tatu za kwanza, zikaondolewa kwa hoja za taa. Mwaka 1967 Rauno Aaltonen akarudi akashinda, akimzidi Ove Andersson aliyekuwa na Lancia kwa sekunde 13.

Hapa ndipo hadithi inapokuja nyumbani. Mwaka huo huo wa 1967 Aaltonen alikuja Afrika Mashariki na Mini Cooper S kushindana katika East African Safari. Bingwa wa Monte Carlo, gari bingwa wa Monte Carlo. Haikumaliza. Aliyeshinda alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, akiwa na Peugeot 404, gari la familia lenye milango minne. Alikuwa ameshinda pia mwaka 1966, na gari la aina hiyo hiyo.

Sitaki kudanganya kwamba springi peke yake ndizo zilizoamua. Safari ya zamani iliua magari kwa kila namna: tope, mito, vumbi, mawe. Lakini jaribu kuyaweka magari hayo mawili kichwani. Rimu ya Mini ni inchi 10, ya 404 ni kama inchi 15. Tairi dogo likikuta shimo linatumbukia, tairi kubwa linapita juu. Mini imekaa karibu na ardhi, 404 ipo juu na springi zake ndefu zinaacha tairi lipande na kushuka sana kabla mwili wa gari haujagongwa. Kwenye lami na barafu ya milima ya Ulaya, kuwa chini na kuwa mfupi ni utajiri. Kwenye tope letu ni kujitakia kuvutwa na trekta.

Twende Ujerumani. Golf ilitoka mwaka 1974, hachibaki kamili. Lakini tayari mwaka 1973 mhandisi wa Volkswagen, Alfons Löwenberg, alikuwa ameandika pendekezo kwa wenzake: tutengeneze gari la michezo linalonunulika na mtu wa kawaida. Kikundi kidogo kikaanza kufanya kazi kimya kimya. Gari lao la kwanza la majaribio lilikuwa gumu na lenye kelele, hilo ndilo kosa la kila kijana. Ikabidi lilainishwe. Kazi ya kulikamilisha ikaangukia kwa Herbert Schuster, na alichokifanya ndicho kilichonifanya nicheke peke yangu usiku: badala ya kuongeza matairi, aliyapunguza! Yalikuwa yamepangwa matairi ya upana wa milimita 205, akaweka ya 175 kwenye rimu za inchi 13. Kisha akaongeza stabiliza, ile fito ya chuma inayounganisha tairi la kushoto na la kulia ili gari lisilale ubavu kwenye kona, na akatafuta springi na shokapu zinazoelewana.

Hilo neno "zinazoelewana" mlishike. Springi inabeba uzito, shokapu inaizuia springi isiendelee kucheza. Ukiifanya springi ngumu ukaiacha shokapu ya zamani, gari linadunda kama mpira. Ukiikata springi, umeifanya fupi na ngumu kwa pamoja, na shokapu inafanya kazi ikiwa imeshajibana nusu ya safari yake. Likija shimo nafasi inaisha, chuma kinagonga kizuizi, na kwa sehemu ile ya sekunde tairi halina tena anayelilalia kwa ulaini. Linaruka. Tairi lililoruka halikati kona, hata liwe la bei gani. Ongeza rimu kubwa nzito, ambayo springi inahangaika kuirudisha chini, na ubavu mwembamba wa tairi usioweza kumeza pigo. Hicho ndicho kilichotupata baada ya Chalinze. Niliposoma haya ndipo nilipoielewa ile paa!

Golf GTI ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuuzwa kuanzia 1976, na nguvu za farasi 110. Volkswagen walipanga kutengeneza 5,000 tu. Za kizazi kile cha kwanza zikafika zaidi ya 460,000. Watu hawakununua injini tu. Walinunua gari ambalo Jumatatu linakupeleka kazini na Jumamosi linakufanya ucheke kwenye kona.

Wafaransa wakajibu kwa Peugeot 205 GTI mwaka 1984, injini ya lita 1.6 na farasi 105. Mwaka 1986 ikaja ya lita 1.9, farasi 130, na rimu zikapanda kutoka inchi 14 hadi 15. Nyuma hawakuweka springi za mzunguko bali fito za kujipinda zilizolala chini ya sakafu. Gari lilikuwa laini kwenye barabara mbovu za vijijini na bado linashika kona. Lakini lilikuwa na sharti. Ukiingia kwenye kona kwa kasi halafu ukashtuka na kuachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na mkia unataka kukupita. Waliolijua walilipenda kwa hilo. Wasiolijua walilitoa shambani kinyumenyume. Kila mabadiliko yana bei yake, na aliyeyafanya anapaswa kuijua bei kabla ya kuondoka gereji.

Nikiunganisha yote naona jambo moja. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeanza na muonekano. Moulton alianza na uzito wa abiria, Schuster na gharama ya matairi na mgongo wa dereva, Shankland na tope la msimu wa Pasaka. Kila mmoja aliiuliza kwanza barabara yake. Sisi tunaliuliza gari la kwenye picha, lililopigwa kwenye lami ya Ujerumani au Japani, halafu tunalishusha kwenye barabara yenye matuta kila penye kijiji.

Sisemi tusiboreshe magari yetu. Mimi mwenyewe damu inachemka nikiona hachibaki imekaa vizuri. Lakini kama una hela ya rimu, anza na shokapu nzima pande zote nne, bushi mpya, matairi mazuri ya saizi ya gari lako na kupima mlingano wa matairi. Hazionekani kwenye picha. Ila kwenye kona, usiku, mbele kuna lori, hizo ndizo zitakazokushika.

Rafiki yangu alitafuta springi zenye urefu wake wa awali, akarudisha rimu za inchi 13. Mtaani wanamcheka kwamba gari limezeeka. Wikiendi iliyopita tumekwenda tena Morogoro, na kwenye ile kona hakuna aliyeongea mpaka tulipoipita. Kisha akawasha redio.

Haya, wadau, uwanja ni wenu. Wenye Golf na wenye Starlet, na wazee mliowahi kusimama kando ya barabara kuisubiri Safari ipite, tupeni habari. Wikiendi njema.